Je, Wajua? Paa Likivuja, Bima Huuliza: Tangu Lini?

Je, wajua kwamba huko Marekani nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuvuja usiku mmoja, dari zikalowa sawasawa, kisha mwenye nyumba wa kwanza akalipwa fidia na wa pili akaletewa barua ya kukataliwa? Kwenye nyumba ya kwanza upepo uling'oa vigae usiku uleule na mvua ikapita. Kwenye ya pili kigae kililegea miaka mitatu nyuma, na maji yamekuwa yakinywewa na mbao polepole pasipo mtu kupanda juu kutazama. Bima ya nyumba hulipa tukio la ghafla. Kuzeeka kwa paa hakuhesabiwi kuwa tukio, kwa sababu kila paa huzeeka, na matunzo yake ni kazi ya mwenye nyumba. Swali linaloamua fedha zote ni fupi: maji haya yalianza kuingia lini, na nini kiliyafungulia njia?

Ninawafikiria hasa ndugu zetu wa Dallas, Houston, Minneapolis na kwingineko, watu wanaozungumza Kiswahili mezani kwao na walionunua nyumba kwa mkopo. Benki huwalazimu kukata bima. Hati hutiwa saini siku moja na rundo la karatasi nyingine, kisha hukaa kwenye droo mpaka tone la kwanza lianguke kitandani. Hapo ndipo watu huanza kuisoma, na huwa wamechelewa.

Ilianzia kwenye moto

Bima ya nyumba haikubuniwa kwa ajili ya maji hata kidogo. Mnamo Septemba 1666 moto uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 mjini London na makanisa 87; madini ya risasi yaliyoezekea kanisa kuu la St Paul's yaliyeyuka yakatiririka barabarani. Miaka kadhaa baadaye Nicholas Barbon, daktari aliyegeukia biashara ya kujenga, alifungua ofisi ya kukatia nyumba bima ya moto. Mwenye nyumba ya mbao alilipa mara mbili ya mwenye nyumba ya matofali. Kanuni hiyo ya kutazama nyumba imejengwa kwa kitu gani kabla ya kupanga bei ndiyo inayotumika leo kwenye mapaa.

Ng'ambo ya bahari, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha mwaka 1752, mjini Philadelphia, chama cha kukatiana bima ya moto ambacho kipo hadi leo. Mwaka 1781 chama hicho kiliamua kutopokea nyumba zenye miti mbele yake, kwa kuwa miti iliwazuia wazima moto. Wenye kupenda kivuli hawakukubali. Mwaka 1784 wakaunda kampuni yao, na nembo yake ikawa mti wa kijani. Katika mji huohuo, mwaka 1950, Insurance Company of North America iliuza hati iliyokusanya moto, upepo, wizi na dhima ya mwenye nyumba mahali pamoja. Kabla ya hapo mtu alilazimika kununua kila kinga peke yake. Hati ya leo ni mtoto wa ile ya 1950.

Dari yalipwa, sofa hailipwi

Hati inayotumika sana kwa wenye nyumba wa Marekani huitwa HO-3, na ndani yake mna jambo linalowashangaza wengi: jengo na vitu vilivyomo haviongozwi na kanuni moja. Jengo limekingwa dhidi ya kila kitu isipokuwa kile kilichotajwa kwamba hakimo. Vitu vya ndani, yaani sofa, televisheni, nguo na vitabu, vimekingwa dhidi ya hatari 16 tu zilizoorodheshwa. Upepo na mvua ya mawe zimo kwenye orodha hiyo, lakini kwa sharti moja. Lazima nguvu ya upepo au ya mawe ivunje paa au ukuta kwanza, ndipo mvua, theluji, mchanga au vumbi viingie kwa tundu hilohilo. Mvua iliyopenya kwenye ufa wa zamani haitambuliwi.

Ndiyo maana dari inaweza kulipwa na sofa iliyokuwa chini yake isilipwe. Na hata dari ikilipwa, lile eneo la paa lililochakaa halimo. Mwenye nyumba hupata dari mpya chini ya paa bovu, na humlipa fundi wa paa kwa mfuko wake mwenyewe. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kwanza ambalo wakala wa bima angepaswa kumweleza mteja, kabla hajataja bei.

Orodha ya yasiyomo nayo inafaa kusomwa taratibu: uchakavu, kutu, kuoza, ukungu, uzembe wa mwenye nyumba, ujenzi mbovu, ndege, wadudu na jamii ya panya. Kindi, ambaye hutoboa mapaa mengi huko, ni wa jamii ya panya. Maji yanayojipenyeza kidogo kidogo kwa wiki, miezi au miaka pia huwekewa kizuizi katika hati nyingi. Mtathmini wa hasara akifika, hutazama doa la darini kwa makini. Doa lenye duara moja jepesi huonyesha kulowa mara moja. Duara juu ya duara, yenye kingo za rangi ya kahawia, huonyesha mvua nyingi zilizopita. Misumari yenye kutu na mbao zilizolainika humweleza umri wa tatizo, naye huandika.

Nyumba ya Naples

Mwaka 2005 mtu mmoja alinunua nyumba ya kifahari mjini Naples, Florida, kwa zaidi ya dola milioni 11. Ilikuwa na umri wa miaka minne. Haukupita muda mvua ikaanza kuingia sebuleni, chumba cha kulia, bafuni, hata kwenye chumba cha piano, na ikadhihirika kwamba nyumba ilichorwa na kujengwa vibaya. Oktoba ya mwaka huohuo kimbunga Wilma kikapita na kuongeza uharibifu. Nyumba ikashindikana kutengenezeka, ikabomolewa. Kampuni ya bima ililipa dola 50,000 kwa ajili ya ukungu, ikakataa mengine kwa hoja kwamba ujenzi mbovu haumo katika hati.

Baraza la mahakama lilimpa mwenye nyumba haki yake, mahakama ya rufani ikaligeuza, na Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Florida ikaigeuza rufani hiyo. Majaji walisema hivi kwa maneno mepesi: pale mvua, kimbunga na ujenzi mbovu vinaposhirikiana kuangusha nyumba, na haiwezekani kusema kipi ndicho chanzo kikuu, inatosha kwamba kimojawapo kimo katika bima. Walibaini pia kwamba kampuni hiyo iliandika maneno ya kuzuia hali ya namna hiyo katika vifungu vingine vya hati yake, ila haikuyaandika katika kifungu cha ujenzi mbovu. Kilichokosekana ni sentensi moja, na hasara ilikuwa ya mamilioni. Makampuni mengi huiandika sentensi hiyo, na baadhi ya majimbo yana kanuni tofauti na ya Florida, kwa hiyo hukumu hii haimhusu kila mwenye paa linalovuja. Lakini inaonyesha kwamba barua ya kukataliwa si neno la mwisho.

Maji ya juu na maji ya chini

Je, wajua kwamba maji yanayoshuka kutoka juu na yanayopanda kutoka chini ni bima mbili? Mafuriko hayamo katika bima ya kawaida ya nyumba. Kuna mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulioundwa mwaka 1968, unaolipa hadi dola 250,000 kwa jengo la makazi na dola 100,000 kwa vitu vya ndani, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Anayeununua kimbunga kikiwa kimeonekana kwenye ramani huwa amechelewa.

Tofauti hii iliumiza maelfu baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005. Pwani ya Mississippi palibaki misingi mitupu, na ubishi ukawa: upepo uliezua paa kwanza, au bahari ilifika kwanza? Hata Seneta Trent Lott, aliyepoteza nyumba yake ya Pascagoula, aliishtaki kampuni yake ya bima kabla ya kupatana nayo mwaka 2007. Kama seneta alihitaji mahakama, fikiria mstaafu asiye na wakili.

Asilimia inayofichika

Kila hati ina kiasi ambacho mwenye nyumba hujilipia kwanza kabla kampuni haijatoa chochote. Kwa hasara za kawaida huwa kiasi kilichotajwa, tuseme dola 1,000. Ila kwa vimbunga, na katika majimbo mengi hata kwa upepo na mvua ya mawe, kiasi hicho huwa asilimia ya thamani iliyokatiwa bima. Utaratibu huu ulienea baada ya kimbunga Andrew cha Agosti 1992, ambacho kilifilisi makampuni kadhaa ya bima huko Florida. Asilimia 2 inasikika ndogo. Kwa nyumba iliyokatiwa dola 400,000 ni dola 8,000. Kwa asilimia 5 ni dola 20,000. Paa likiharibika kwa dola 15,000, mwenye asilimia 5 halipwi hata senti, ingawa amelipa ada yake kila mwaka bila kukosa.

Mwaka 2004 Florida ilipigwa na vimbunga vinne, Charley, Frances, Ivan na Jeanne, na baadhi ya watu wakatakiwa kujilipia upya kwa kila kimbunga. Bunge la jimbo likabadilisha sheria ili kiasi hicho cha kimbunga kihesabiwe kwa mwaka mzima. Mabadiliko hayo yaliletwa na malalamiko ya wananchi.

Fidia ya paa kuukuu au ya paa jipya?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Hati moja hulipa gharama ya kuezeka upya. Nyingine hulipa thamani ya paa kama lilivyokuwa siku ya dhoruba, baada ya kutoa uchakavu. Chukua paa la vigae vya lami vinavyokadiriwa kudumu miaka 20, nalo lina miaka 15. Kuezeka upya ni dola 20,000, na kiasi cha kujilipia ni dola 2,000. Chini ya hati ya pili, robo tu ya uhai wa paa imebaki, yaani dola 5,000; toa 2,000, hundi inakuwa dola 3,000. Chini ya hati ya kwanza hundi ya mwanzo nayo huweza kuwa dola 3,000 hizohizo, lakini kazi ikikamilika na risiti zikiletwa, dola 15,000 zilizozuiwa hutolewa. Wengi hawaijui hundi hiyo ya pili, hawaiombi, na muda wa kuiomba hupita.

Makampuni mengi sasa hubadili kifungu cha paa peke yake wakati hati inapohuishwa: nyumba hubaki kwenye malipo ya kujenga upya, paa huhamishiwa kwenye malipo ya uchakavu. Taarifa huja kwa barua ndefu. Soma barua hiyo. Huko Florida sheria ya mwaka 2022 inakataza kampuni kuikataa nyumba kwa sababu ya umri wa paa pekee ikiwa paa halijafikisha miaka 15, na makampuni mengi hutazama mapaa kwa picha za angani kabla ya kuamua kuendelea na mteja.

Mawe, barafu na chuma kutoka angani

Punje kubwa kuliko zote ya mvua ya mawe kuwahi kupimwa Marekani ilianguka Vivian, South Dakota, tarehe 23 Julai 2010: upana wa sentimita 20, uzito wa karibu gramu 880. Ili kujua kigae kipi kitastahimili, maabara hudondosha mpira wa chuma wenye upana wa inchi 2 kutoka urefu wa futi 20, mara mbili mahali palepale. Kigae kisichopasuka hupata daraja la 4, na katika majimbo kadhaa daraja hilo humpunguzia mwenye nyumba ada. Huko Richburg, South Carolina, taasisi ya utafiti inayogharamiwa na makampuni ya bima ina ukumbi wenye feni 105 zinazoweza kuvumishia upepo wa kimbunga nyumba nzima ya ukubwa wa kawaida, ili kuona paa linaanza kuachia wapi.

Minnesota na majimbo mengine ya baridi yana uvujaji wasioujua watu wa pwani yetu. Joto la ndani huyeyusha theluji iliyo juu ya paa. Maji hushuka hadi ukingoni ambako ni baridi, huganda, na kujenga ukuta wa barafu. Maji yanayofuata hukosa njia, hurudi nyuma chini ya vigae na kuingia ndani. Hati nyingi hulipa uharibifu wa jengo unaotokana na hali hiyo, ingawa kuiondoa barafu yenyewe mara nyingi ni juu ya mwenye nyumba.

Hatari nyingine katika zile 16 ni vitu vinavyoanguka. Tarehe 8 Machi 2024 kipande cha chuma chenye uzito wa gramu 700 hivi kilitoboa paa na sakafu ya nyumba moja, tena mjini Naples. NASA ilithibitisha kwamba kilitoka kwenye mzigo wa betri chakavu zilizotupwa mwaka 2021 kutoka kituo cha anga cha kimataifa. Familia hiyo iliwasilisha madai ya zaidi ya dola 80,000 kwa NASA, kwa hasara ambazo bima haikuzigusa.

Fundi anayebisha hodi

Baada ya dhoruba huja watu na ngazi. Husema paa lako limeharibika, bima italipa lote, weka saini hapa tu. Florida iliteseka sana kwa saini hizo, kwa sababu karatasi ile ilimhamishia fundi haki yote ya kudai, na fundi akashtaki kwa jina la mwenye nyumba. Kwa takwimu za msimamizi wa bima wa jimbo hilo, mwaka 2019 Florida ilikuwa na asilimia 8 tu ya madai ya wenye nyumba nchini, lakini ilibeba asilimia 76 ya kesi zote. Makampuni yakaondoka au kufilisika, na watu zaidi ya milioni moja wakakimbilia bima ya serikali ya jimbo. Desemba 2022 bunge lilipiga marufuku uhamishaji huo kwa hati zinazotolewa kuanzia 2023. Texas nayo, tangu Septemba 2019, inamhesabu kuwa mkosaji fundi anayeahidi kumfutia mteja kiasi chake cha kujilipia. Nasema wazi: anayekuahidi paa la bure anakuingiza kwenye udanganyifu, na jina lililo kwenye hati ni lako.

Hii haina maana kwamba usubiri bila kufanya lolote. Hati hukutaka uzuie uharibifu usizidi: tandika turubai, hamisha vitu, kausha. Gharama hizo zikiwa za kadiri, na chanzo kikiwa kimo katika bima, kampuni huzirudisha, kwa hiyo tunza risiti. Baada ya vimbunga vikubwa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani hutandika bure karatasi ngumu za plastiki za buluu juu ya mapaa ya watu, ndiyo sababu picha za angani za miji iliyopigwa huonekana kama zimepakwa rangi hiyo.

Ukungu una haraka yake. Nyenzo zilizolowa zikiachwa siku mbili, unaweza kuanza. Mwaka 2001 baraza la mahakama huko Texas liliamuru familia moja ilipwe dola milioni 32 kwa dai la ukungu uliotokana na maji, kiasi ambacho rufani ilikipunguza sana. Baada ya hapo makampuni nchini kote yalikimbilia kuufuta ukungu kwenye hati au kuuwekea kikomo, na vikomo hivyo vipo hadi leo.

Hapa kwetu, Dar es Salaam na Nairobi, bima ya nyumba bado huuzwa zaidi kama bima ya moto yenye nyongeza, na tufani ni mojawapo ya nyongeza hizo. Uchakavu umetengwa vilevile. Mwenye nyumba ya bati anayelipia bima hiyo aulize kwa maandishi kama tufani na mvua inayoingia baada ya bati kung'oka vimo.

Kwa anayetaka kununua nyumba Marekani, kuna hifadhi ya kumbukumbu za madai iitwayo CLUE, inayoweka historia ya nyumba kwa hadi miaka 7. Mwombe muuzaji nakala yake kabla ya kutoa malipo ya awali. Uvujaji uliofichwa kwa rangi mpya unaweza kuwa umeandikwa humo. Kwa aliyekwisha nunua, piga picha za paa na dari sasa, zenye tarehe, vikiwa bado vizima. Tafuta katika hati yako mambo mawili: asilimia ya upepo, na jinsi paa linavyolipwa. Ukiona doa jipya darini, litolee taarifa wiki hiyohiyo. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni, na kwa hati za Florida zilizotolewa tangu 2023, dai jipya linalocheleweshwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hasara halipokelewi tena.